Shimo Nililolisafisha Kupita Kiasi

Ninyi wawili mnaobaki na shimo la gesi mliniomba niandike niliyoyaona kazini, nami tangu asubuhi nachana karatasi. Mwanzo wa kwanza ulikuwa na maneno makubwa mno. Wa pili ulimhusu baba yangu, ambaye hakuwahi kuona gesi maisha yake yote. Basi nianze na mavi, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya.

Watu wa Kasongo wanacheka wakisikia nimestaafu. Sina hata mvi moja, na bado naweza kubeba ndoo mbili za samadi kutoka getini hadi shimoni bila kupumzika. Sababu ya kuacha kazi nitaieleza mwishoni, kwa kuwa ndipo mahali pake. Mambo ya vyeo na mshahara siyaandiki. Hayajawahi kuwasha moto.

Natoka upande wa Kabambare, mtoto wa Wabangubangu wanaolima mpunga na muhogo. Nilisoma shule ya misheni mpaka mahali ambapo walimu waliona inatosha kwa mtu kama mimi. Yaliyobaki nimejifundisha mwenyewe, kwa kuuliza, kwa kuharibu na kwa kukosa usingizi. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango, narudi kuangalia kama nimeufunga. Nikipima maji, napima tena, halafu namwuliza mtu mwingine apime. Mtanikumbuka hivyo hivyo, kwa hiyo sina haja ya kujificha.

Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha juzi juzi nilipofika Kasongo juu ya lori la pamba, nikitafuta kazi ya uashi. Pale maternite, nyumba ya misheni ya kujifungulia, nje kidogo ya mji, Mbelgiji mmoja alikuwa akichimbisha shimo la duara, na wapita njia walisimama kuuliza nani amekufa. Jina lake lilikuwa Désiré. Watu walimwita Bwana Mavi, naye alilijua jina hilo na alilitumia mwenyewe alipojitambulisha kwa machifu. Aliniuliza kama najua kupiga lipu. Nikasema najua. Nilipiga lipu ya saruji ndani ya shimo, nikaona kijistari chembamba, nikaibandua, nikapiga upya. Kesho yake nikaona kijistari kingine. Bwana Mavi alichungulia kutoka juu.

"Barnabe," akasema kwa Kiswahili chake, "sisi hapana kunywa chai humu ndani."

Lakini hakunifukuza. Baadaye aliniambia alikuwa akitafuta mtu wa namna hiyo hiyo, kwa kuwa shimo lenye ufa mdogo hupoteza maji na gesi, na mtu asiyeona ufa mdogo hafai.

Shimo lenyewe mnalijua, ila naliandika kwa ajili ya atakayewafuata. Upande mmoja kuna mdomo wa kulishia. Samadi huchanganywa na maji mpaka iwe kama uji mwepesi, kisha humiminwa. Upande wa pili hutoka tope lililokwisha kazi, nalo huenda bustanini. Juu yake inaelea kengele, yaani pipa kubwa la chuma lililopinduliwa, ambalo mafundi wa machimbo ya Salamabila waliliunga kwa moto, likaletwa kwa lori huku watu wakiuliza ni kengele ya kanisa gani. Chini ya kengele hewa haiingii. Samadi inaoza bila hewa, gesi inapanda, kengele inanyanyuka polepole kama kifua cha mtu anayelala. Mpira unapeleka gesi jikoni, na jikoni kuna robine, yaani koki ya kufungulia gesi, na jiko. Ndiyo yote. Mtu akiwaambia ni uchawi, mwambieni aje asaidie kukoroga.

Mwanzoni shimo lilikula mavi ya nguruwe. Misheni ilikuwa na banda kubwa la nguruwe, na nguruwe hawajui kupumzika. Bwana Mavi alinifundisha mambo mawili ambayo aliyarudia mpaka nikayasikia ndotoni. La kwanza, shimo lilishwe kidogo kidogo, kila siku, kama mgonjwa. La pili, ukilitoa tope usilimalize. Theluthi moja ibaki chini. Tope lile zito la chini aliliita "mama". Ndani ya mama, alisema, ndimo mna wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, na hao ndio wapishi wa gesi. Mimi nilielewa kwa njia yangu: ni kama yule anayetengeneza mikate na kuacha donge la unga wa jana ili liumushe wa leo.

Moto ulipowaka vizuri kazi yake kubwa ilikuwa maji. Vyombo vya Masere Klara, mtawa mkunga aliyeongoza maternite, vilichemshwa kila asubuhi. Lakini chombo kimoja cha kuchemshia hakili gesi nyingi. Kilichokula gesi ni maji ya wazazi. Kwetu mwanamke akishajifungua huoshwa kwa maji ya moto, asubuhi na jioni, maji ya moto kweli, yanayomfanya apige kelele, mpaka tumbo lirudi mahali pake. Zamani kila familia ilifika maternite na mzigo wa kuni kichwani. Sasa walifika mikono mitupu, robine ikafunguliwa, maji yakachemka. Masere aliwaachisha kazi wachukuzi waliokuwa wakileta kuni za maternite. Mimi ndiye niliyemwambia hawahitajiki tena. Nilijisikia mtu mkubwa.

Wanawake waliokuja walikuwa wa vijijini, Wakristo wengi wao. Wa mitaa ya Waislamu, wale wa mjini wa tangu enzi za biashara ya Waarabu, hawakuja. Nilidhani wanaogopa watawa. Nilijua ukweli siku ambayo Bibi Mwajuma alikuja kuangalia shimo.

Alikuwa mke wa Mzee Ramazani, mchinjaji wa soko la Kasongo. Alikuja na mumewe na binti yao Zaina, aliyekuwa na mimba changa. Mtoto wa kwanza wa Zaina alizaliwa nyumbani na hakulia. Zaina hakutaka kujifungulia nyumbani tena, na ndiye aliyewavuta wazee wake mpaka pale. Bibi Mwajuma alilizunguka shimo mara moja, kitambaa puani.

"Weye ndiye fundi ya huu moto?"

"Ndiyo, Bibi."

"Moto yako inakulaka nini?"

Ningeweza kusema majani. Nilikuwa natia na majani kidogo.

"Mavi ya nguruwe, Bibi."

"Unasikia, Ramazani? Anasema mbele ya macho yangu. Sawa, angalau haiko mwongo." Akanigeukia. "Mutoto yangu hataoga maji ya nguruwe."

"Maji hayagusi nguruwe, Bibi. Ni moto tu."

"Na moto inatoka wapi? Kwa malaika?"

Mzee Ramazani alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Zaina hakucheka. Alimwangalia Masere Klara, aliyekuwa ametoka kutusikiliza, akasema polepole: "Masere, muondoe nguruwe, miye nitakuya."

Masere aliniuliza kama shimo linaweza kula kitu kingine. Bwana Mavi alikuwa amekwenda likizo Ulaya, miezi mingi, kama Wabelgiji wote walivyokwenda. Kama angekuwepo ningemwuliza. Nikajibu haraka kwamba linaweza, na hilo lilikuwa kweli. Kisha, mbele ya wote, nikaongeza kwamba nitaondoa nguruwe mpaka tone la mwisho.

Bwana Mavi angebadilisha chakula tu na kuacha shimo lijisafishe taratibu. Lakini mimi niliona kwamba mama wa shimo ni mama wa nguruwe. Ningemwambiaje Bibi Mwajuma kwamba nguruwe ametoka, wakati theluthi moja yake imelala chini? Nikaenda kwa Mzee Ramazani, nikamwuliza Waislamu husafishaje chombo kilichoguswa na nguruwe.

"Mara saba," akasema. "Moja katika hizo, na udongo. Kwa nini? Umekula chakula katika sahani ya mupishi wa misheni?"

"Nataka kuosha shimo."

Alisimamisha kisu. "Shimo? Ile yote?"

"Yote."

"Kijana, weye uko mugonjwa," akasema. Lakini niliona imempendeza.

Nikaliosha mara saba. Kwanza kengele iliondolewa na watu wengi wakivuta kamba, kisha shimo likaachwa wazi siku kadhaa, kwa kuwa ndani mna hewa inayoua bila kelele. Hilo msilisahau hata mkisahau mengine yote. Nilishuka na kamba kiunoni, watu wawili wakiishika juu, na nilizungumza nao muda wote ili wajue ni mzima. Tulitoa tope lote, na mama pia. Nilisugua kuta kwa brashi ya mnazi. Maji yalipandishwa kwa ndoo. Safari moja nilipaka udongo mwekundu kuta nzima, kama chungu, nikausuuza. Waislamu wa mtaa walikuja kutazama na kunihesabia kwa sauti. Katika safari ya tano mmoja alisema bado ni ya nne, wakagombana, nikaosha ya nane ili wanyamaze. Lipu yangu iling'aa. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile, na sijawahi kufanya kazi mbaya kama ile.

Nikalijaza vitu ambavyo hakuna dini inayovikataa: majani ya mpunga kutoka Lusangi niliyoyakatakata mpaka mikono ikatoa malengelenge, na maganda ya muhogo, pamoja na maji meupe ambamo akina mama wameloweka muhogo mchungu. Akina mama walifurahi kuyaleta, kwa kuwa ni uchafu tu kwao. Kengele ikarudishwa, nikangoja. Baada ya siku chache ikaanza kupanda, upesi kuliko zamani. Nilikwenda kumwambia Masere. Tulifungua robine, nikawasha kiberiti, na kiberiti kikazimika. Nikawasha kingine. Kikazimika kama kilichopulizwa na mtu.

Sasa najua. Bila wapishi wake, shimo lilitoa ile hewa inayozima moto badala ya ile inayowaka. Muhogo ulichacha, uchachu ukazidi, na katika uchachu ule wapishi hata wangekuja wasingeishi. Wakati ule sikujua. Niliona shimo ni dhaifu, nikafikiri lina njaa, nikaliongezea maganda. Kila siku nilimimina zaidi. Harufu iliyotoka haikuwa ya samadi tena bali ya pombe iliyoharibika. Nilikoroga mpaka mabega yakavimba. Niliacha kula. Masere alinipa dawa ya minyoo, akidhani ndiyo tatizo.

Mimba ya Zaina ilikuwa inakua, na kila mtu sokoni alijua kwamba fundi Barnabe amemwondolea nguruwe. Kulikuwa na mvua kila siku. Kuni zote za jirani zilikuwa zimelowa, na wachukuzi niliowaondoa walikuwa wamepata kazi kwingine. Mwishowe nilikwenda kwa Mzee Ramazani kumwambia ukweli kabla hajausikia kwa wengine.

Nilimkuta machinjioni, nyuma ya soko. Walikuwa wamechinja ng'ombe aliyetembezwa kutoka milima ya upande wa Fizi, na vijana wake walikuwa wakipasua tumbo na kumwaga vilivyomo juu ya lundo: majani mabichi yaliyotafunwa, ya kijani, yakitoa mvuke. Nilifungua mdomo kuomba radhi. Nilisikia harufu. Haikuwa harufu ya nyama wala ya damu. Ilikuwa harufu ya shimo langu la zamani, siku lilipokuwa na afya, ila ya kijani zaidi. Nilipiga magoti kando ya lundo nikainusa kama mbwa.

"Ramazani," akasema mchinjaji mwenzake, "huyu munasara wako amefanya nini?"

"Anaomba," akajibu Mzee Ramazani.

Nikaingiza mkono. Ndani kulikuwa na joto, ingawa mvua ilikuwa ikinyesha. Nikafikiri: ng'ombe naye ni shimo. Anakula majani, hana hewa tumboni, na wapishi wako ndani yake. Nikamwambia Mzee Ramazani kila kitu, mara saba na uchachu na kiberiti, bila kupumzika. Aliponisikiliza mpaka mwisho aliuliza swali moja tu.

"Hii ya ng'ombe, nimechinja miye mwenyewe na Bismillahi. Itakuwa safi katika shimo yako?"

"Safi kabisa, Mzee."

"Basi chukua yote. Tunatupaka bule."

Tulitoa nusu ya uji uliochacha. Niliongeza majivu ya jikoni kupunguza uchachu, kidogo leo, kidogo kesho, nikijaribu kwa karatasi ya buluu ya famasi ya Masere, ile inayogeuka nyekundu kwenye kitu kichachu. Kisha kila siku ya kuchinja, kikapu cha vilivyotoka matumboni mwa ng'ombe na mbuzi kilikuja kikiwa bado na joto, kimefunikwa majani ya mgomba. Sikulisha kitu kingine. Hilo lilikuwa gumu kwangu kuliko yote: kusimama kando ya shimo na kutolifanyia chochote. Nilikuwa naweka mikono nyuma, nikiishika kwa nguvu.

Zaina alijifungua kabla ya shimo kupona. Masere alichemsha vyombo kwa kuni alizokuwa amezificha chini ya kitanda chake mwenyewe. Mtoto alikuwa wa kike, na alilia mara moja, kwa hasira. Lakini Zaina alitoka damu nyingi, kisha homa ikapanda. Masere alisema asiondolewe kitandani mpaka homa ishuke, kwa kuwa njia ya kwenda mjini, ikiwa na mashimo na mvua ile, itamwua. Bibi Mwajuma alisema mzazi asiyeoshwa kwa maji ya moto atavimba tumbo na kufa, na hapa maji ya moto hakuna. Niliwasikia wote wawili wakisema, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akitania. Walikuwa wameona wanawake wakifa.

Kwa siku chache Mzee Ramazani alileta kuni za nyumbani kwake. Zilipokwisha alivunja zizi la mbuzi na kuleta mbao zake. Kila asubuhi Bibi Mwajuma alikuja mlangoni pa jiko.

"Fundi. Moto?"

"Bado, Bibi."

"Shimo yako iko safi sana. Inang'aa. Kama moyo ya mutu hana kitu ndani."

Kengele ilikuwa ikipanda. Niliiachia gesi ya kwanza itoke hewani, na ya pili, kwa kuwa zote mbili zilizima kiberiti. Ya tatu iliwaka kidogo, ikapepesuka, ikafa. Sikumwambia mtu.

Asubuhi ambayo mbao za zizi zilikwisha, Bibi Mwajuma hakuja kuuliza. Nilitazama dirishani nikaona wanaume wanne wakisimamisha kipoyi kwenye baraza, kiti kile cha kubebea wagonjwa, kimefunikwa turubai. Walikuwa wapwa wa Mzee Ramazani, wamekuja kumbeba Zaina arudi mjini, ambako majirani wangechangia moto. Masere Klara alikuwa amesimama katika mlango wa chumba, mikono yake imeshika miimo ya pande mbili.

"Hapiti," alisema.

"Masere, weye haukuzaa," Bibi Mwajuma akamjibu bila kupaza sauti. "Sikuambii kama ni kosa. Nakuambia tu. Ondoka."

"Bibi, akitoka leo, utamzika."

"Na akibaki bila maji, nani atamuzika? Weye?"

Kutoka ndani Zaina alisema kitu ambacho hakuna aliyekisikia, halafu akasema tena: "Muulizeni Barnabe."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na kiberiti mkononi. Nataka niwaambie ukweli: nilitaka kukimbia. Kama ningejaribu na moto ukafa mbele yao, basi wangekuwa na haki ya kumbeba. Kama nisingejaribu, wangembeba pia. Nikaenda jikoni. Nilinusa robine kwanza. Uchachu haukuwepo tena. Ilikuwa harufu ile ya lundo la machinjioni, kali, ya samadi yenye afya. Nikawasha.

Moto ulishika, wa buluu, mfupi, ukitetemeka pembeni. Nikaweka sufuria kubwa juu yake. Sufuria ilikuwa kubwa kuliko moto ule. Ilionekana kama mtu mnene amekalia kigoda cha mtoto. Moto ukaanza kulala.

"Inakufa," Bibi Mwajuma akasema nyuma yangu.

"Haifi, Bibi. Kengele ni nyepesi, haisukumi." Nikatoka mbio mvuani, nikawaambia wale wapwa wanne waje waegemee kengele. Walimwangalia Mzee Ramazani.

"Muende!" akasema. "Mulikuya kubeba, si ndiyo? Bebeni chini."

Waliweka vifua vyao juu ya chuma kile chenye kutu, Mzee Ramazani wa tano, mchinjaji mzito, na kengele ikazama kidogo kidogo. Jikoni moto ulisimama. Nilikuwa nikikimbia kati ya jiko na shimo, nikisema "kidogo zaidi, sasa pungua, kidogo zaidi," na mmoja wao akauliza kama kwa Wakristo hii nayo ni sala.

Maji yalianza kuimba. Bibi Mwajuma alichovya kidole.

"Bado. Mzazi haogeshwi na maji ya uvuguvugu."

Tukangoja. Akachovya tena, akautoa mkono kwa haraka, akaupuliza. Alifunga kanga kiunoni, akachukua ndoo na majani yake ya kuoshea, akapita chini ya mkono wa Masere, ambao bado ulikuwa umeshika mwimo wa mlango. Baada ya muda tulimsikia Zaina akipiga kelele kwa sababu ya moto wa maji, na wale wapwa juu ya kengele wakacheka, kwa kuwa ile ndiyo kelele tuliyokuwa tukiitaka. Kipoyi kilikaa barazani mpaka kuku wakakipanda. Homa ya Zaina ilishuka taratibu. Alitoka kwa miguu yake.

Bwana Mavi aliporudi kutoka Ulaya alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniomba nirudie sehemu ya mara saba, na safari hii hakucheka. Alisema habari ya tumbo la ng'ombe iko katika kitabu chake, lakini hakuwahi kufikiria kwamba angehitaji kumwomba mchinjaji. Tangu hapo shimo letu halijaonja nguruwe. Linakula cha machinjioni, majani ya mpunga yaliyokatwa mafupi ili yasielee na kufanya kofia juu, na mabaki ya jikoni. Maganda ya muhogo yatieni machache sana, na maji ya kulowekea muhogo msitie hata mkiletewa na mama mkwe. Korogeni asubuhi na jioni. Moto ukilegea, punguzeni chakula kabla ya kuongeza. Na mama mwacheni chini. Mtu akitaka shimo safi, mpeni brashi asugue kengele kwa nje.

Bibi Mwajuma alileta wanawake wa mtaa wake mwenyewe, mmoja mmoja, na kila mmoja alimwonyesha shimo kana kwamba alilichimba yeye. Alikufa miaka michache baadaye. Zaina alirithi kazi yake ya kuosha wazazi, na Masere alimwajiri kwenye jiko la maji. Tumefanya kazi pamoja tangu wakati ule, yeye kwenye sufuria, mimi kwenye shimo, na hatujawahi kuizungumzia asubuhi ya kipoyi. Nadhani sote wawili tuliiogopa.

Sasa nieleze kwa nini nimeacha.

Msimu wa mvua uliopita, siku moja nilikuta jiko la maji limefungwa dirisha kwa sababu ya mvua. Niliingia kuwasha moto kama kila siku. Nilikuwa nimetoa njiti na kuiweka juu ya kiberiti wakati Zaina alipotokea mlangoni, akanipiga mkono kwa nguvu zote. Kiberiti kikaruka ukutani.

"Hausikii?"

"Nini?"

"Barnabe! Nyumba yote inanuka! Hausikii?"

Nilivuta pumzi. Nilivuta tena. Nilisikia ubaridi wa mvua tu. Alinivuta nje, akafungua dirisha, na tukaona mpira ulikuwa umepasuka karibu na robine, mpasuko mrefu kama kidole. Chumba cha wazazi kilikuwa nyuma ya ukuta ule, na siku ile kilikuwa kimejaa.

Masere Klara, ambaye sasa ni mzee, alinikalisha na kunifunga macho kwa kitambaa. Aliniletea siki, akaniuliza ni nini. Maji, nikasema. Akaleta mafuta ya taa. Maji. Akaleta samaki mkavu, na hapo nilisikia kitu, lakini kilikuwa joto la mkono wake karibu na pua yangu. Alisema gesi inafanya hivyo kwa mtu aliyeinusa miaka mingi. Pua inachoka na hairudi. Nilimwuliza kama angeweza kujaribu tena kesho. Alijaribu kesho, na kesho yake, kwa kuwa ananijua.

Kwa hiyo nimeacha. Pua ndiyo iliyonionyesha lundo lile machinjioni, na bila pua mimi ni mtu mwenye wasiwasi anayesimama karibu na gesi. Jana nilipokuja kuwaonyesha namna ya kukaza mpira mpya, nilipeleka mkono mfukoni kutafuta kiberiti, kwa mazoea. Mfuko ulikuwa mtupu. Tangu siku ile ya mvua kiberiti kiko kwa Zaina. Alikiokota ukutani, akakifunga katika pembe ya kanga yake, na mimi sikumwomba anirudishie.